KIFAA KIKIFA, PESA HAIFI! Wataalamu wa Laivu Waache Kupiga Watu

Jamani, huu mchezo umezidi! Wapo "wataalamu" wa kripto mjini, wale wa miwani ya jua na laivu za usiku, wanaowatisha watu kwamba kifaa cha kutunzia bitkoini kikifa, pesa imezikwa nacho. Halafu hao hao: "Njoo inboksi nikurudishie, nitumie yale maneno yako 24." Hapo ndipo mtu anapopigwa mchana kweupe.

Ukweli ni kwamba kifaa hakibebi sarafu hata moja. Sarafu ziko kwenye daftari la pamoja la mtandao, blokicheni. Kifaa kinatunza funguo tu, na funguo zinazaliwa na yale maneno 12 au 24 uliyoandika siku ya kwanza. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048, utaratibu wa BIP39 wa mwaka 2013, na kampuni nyingi zinautumia. Kwa hiyo Trezor au Ledger ikivunjika, maneno yale yale yanafungua bitkoini zako kwenye Electrum, programu ya bure. Unachagua BIP39, unaandika maneno, basi.

Salio likisoma sifuri, usizimie. Huenda umekosea njia tu: anwani zinazoanza na 1, 3 au bc1 kila moja ina njia yake, 44, 49 au 84. Na kama uliweka neno la siri la ziada, ukikosea herufi moja tu inafunguka waleti nyingine, tupu.

Angalizo: maneno yakishagusa kompyuta yenye intaneti, hamishia sarafu kwenye waleti mpya yenye maneno mapya.

Watetezi wao watasema wanasaidia wasiojua kompyuta. Sawa, msaidizi wa kweli anakaa pembeni, wewe unaandika mwenyewe. Anayetaka maneno anataka pesa. Akishayapata hahitaji kingine, na muamala wa bitkoini haurudishwi; hakuna huduma kwa wateja ya kupigia. Na ukipoteza kifaa na maneno vyote, hakuna fundi wa laivu wa kuyaotea maneno 24.

Wanaishi mjini kwa woga wa watu. Ukijua karatasi yako ndiyo pesa yenyewe, biashara yao imekufa.

Je mdau, ushawahi kuombwa maneno yako? Dondosha komenti, ila maneno yenyewe baki nayo!