Ahadi Ni Deni, Hata kwa Mkimbizi

Tarehe 27 Januari 2025 sisi watu wa Goma hatutaisahau. Siku ile askari wa M23 waliingia mjini kwetu, na wengi waliokuwa kambini kandokando ya mji wakakimbia tena. Siku ile ile, amri ya Rais Trump wa Marekani ya kusimamisha kazi ya kuwapokea wakimbizi ilianza kutumika. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yaliwaangukia watu wa taifa moja. Maana katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote, karibu 20,000.

Wako wanaosema: “Fedha ni zao; mtu hapangiwi mali yake.” Twajibu: ni kweli, kwa fedha zisizoahidiwa. Serikali yaweza kusema kwamba mwaka ujao itapokea wachache. Lakini mkimbizi wa Nyarugusu au Nakivale aliyekwisha kuitwa, akahojiwa mara nyingi, akapimwa afya, akapangiwa siku ya kusafiri, huyo haombi sadaka tena. Amekwisha kupewa ahadi. Amengoja miaka, siku ikikaribia huuza sufuria na godoro, huwaaga jirani. Maelfu walikuwa wamefika hapo safari zao zilipofutwa. Huko si kubana matumizi, ni kukana deni.

Wengine husema: “Mkimbizi ni mzigo wa daima.” Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi fedha za kumpokea mkimbizi ndizo jembe lenyewe. Katika siku 90 za kwanza zilimsaidia kupata nyumba, kuwaandikisha watoto shuleni na kutafuta kazi. Jembe hilo nalo lilinyang'anywa. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani, walioifanya kazi hiyo pamoja na serikali miaka mingi, walikuwa na wakimbizi zaidi ya 6,700 ambao siku zao 90 hazijaisha. Walikatiwa fedha, hata za kazi iliyokwisha kufanywa. Februari 2025 wakaenda mahakamani. Aprili wakatangaza kwamba hawataendelea na mapatano hayo.

Tena, isisemwe kwamba nafasi hazipo kabisa. Oktoba 2025 serikali hiyo ilitangaza nafasi 7,500 kwa mwaka wa 2026, nyingi zikiwekwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Nafasi zipo, ila aliyetangulia mstarini amewekwa kando.

Hatusemi kwamba kuhamia ng'ambo ndiyo dawa ya Kivu. Dawa ni amani, na hiyo twawadai kwanza wakuu wa Kongo na wa nchi jirani. Lakini kosa la mmoja halimfutii mwingine deni lake.

Nasi tusimcheke ndugu aliyebaki kambini mikono mitupu, tukidhani alidanganywa na matapeli. Aliahidiwa na serikali. Basi twataka neno moja: waliokwisha kukubaliwa wapokelewe, na fedha za kuwapokea zitolewe. Deni lilipwe kwanza. Habari za ukarimu tutazungumza baadaye.