Daftari la Wiki: Kevin, Brigita na Tluway

Orodha za darasa la kwanza zimebandikwa tena kwenye mbao za matangazo hapa Babati, na akina Kevin na Brian wamejaa. Yote mawili ni majina ya Ayalandi. Kevin ni Caoimhín, yaani aliyezaliwa mzuri, jina la mtawa wa kale aliyejitenga katika bonde la Glendalough. Brian linakumbusha Brian Boru, mfalme aliyeuawa vitani Clontarf mwaka 1014. Wazazi wengi, nadhani, wameyachukua kwenye mpira na filamu, kwa sababu yanapendeza masikioni. Sioni kosa hapo.

*

Patrick na Brigita walifika kwetu kwa njia nyingine. Mapadre Wapalotini kutoka Ayalandi walihudumu Mbulu tangu miaka ya 1940, na askofu wa kwanza wa jimbo hilo alikuwa Patrick Winters. Masista madaktari wa Ayalandi nao walijenga kazi yao Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika hospitali ambako wazee wengi wa hapa walizaliwa. Ubatizo ukafuata, na majina ya watakatifu wa kwao yakaingia kwenye vitabu vya parokia zetu.

Jambo ninalolipenda ni kwamba Patrick mwenyewe hakuwa Mwayalandi. Jina lake ni la Kilatini, Patricius, mtu wa ukoo bora. Alitekwa kijana huko Uingereza, akapelekwa Ayalandi utumwani, akachungishwa mifugo. Mchungaji wa Hanang angemwelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Brigita naye, mtakatifu wa Kildare, anabeba jina lililokuwa la mungu wa kike kabla Ukristo haujafika kule. Wamisionari walikuja na majina yenye historia ndefu ya kipagani, wakati huohuo baadhi ya watu wakiambiwa majina yao ya nyumbani ni ya kishenzi. Hilo linaniuma hadi leo.

*

Maana majina ya nyumbani yanasema mengi. Kwa Wairaqw, Tluway ni mvua: mtoto amezaliwa inanyesha. Lohay ni wa njiani. Bura ni pombe, kumbukumbu ya siku ambayo nyumba ilikuwa na kinywaji na wageni. Nyerere naye aliitwa Kambarage kwa pepo wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja baadaye, na ubatizo. Kwa Wabarbaig, Gida hutangulia majina mengi ya wanaume na Uda ya wanawake, hivyo hujasikia jina zima ila umeshajua ni kaka au dada. Gidamis Shahanga alilipeleka jina la namna hiyo hadi Edmonton mwaka 1978, akashinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

*

Askofu Winters alipoondoka mwaka 1971, aliyemfuata aliitwa Nicodemus Atle Hhando. Jina la Biblia limesimama mbele, la ukoo halikufutwa, na zile h mbili zimebaki mahali pake. Ndivyo ningependa kuona kwenye kila kadi ya kliniki.

*

Kadi nyingi hazisomeki hivyo. Katika ofisi moja mwaka huu nimeona Tluway akiandikwa Tuluwai, na Hhawu akipunguziwa h moja. Karani hana nia mbaya, ila cheti cha kuzaliwa kikishatoka, kukisahihisha ni nauli, viapo na foleni. Mama, ukifika dirishani, usitaje jina tu. Liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkabidhi karani, kisha soma alichoandika kabla hajagonga muhuri. Na wewe baba, kama hujui Lohay wako alizaliwa njia ipi, bibi yake bado yupo: muulize Jumapili hii, uandike nyuma ya kadi.