Tangi la choo cha mashua linataka hewa, si manukato

Tangu tarehe 1 Aprili 2015, mwenye mashua ya starehe nchini Sweden haruhusiwi kumwaga uchafu wa choo katika maji ya nchi hiyo, yawe ya bahari au ya maziwa. Marekani ilikuwa imetangulia: mwaka 1992 ilipitisha sheria ya kugharimia vituo vya kunyonya maji taka kwenye maegesho ya mashua. Hatua hizo ni za haki kabisa. Ghuba ambamo watoto huoga na chaza hufugwa haistahili kugeuzwa shimo la choo.

Tatizo ni kwamba tangi la kuhifadhia kinyesi hadi kituoni limewekwa chini ya vitanda vya watu ambao wengi wao hawakufundishwa kulitunza. Mashua ikikaa wiki mbili bila safari, mwenyewe hufungua mlango akalakiwa na harufu ya yai viza, kisha hukimbilia dukani kununua dawa ya kuifunika. Fedha hiyo inapotea bure. Tena dawa zenye formalini huua hata bakteria ambao wangemsaidia.

Bakteria wanaotumia oksijeni huozesha kinyesi na kutoa zaidi kaboni dayoksaidi, gesi isiyonuka. Oksijeni ikiisha, wanashika zamu wengine wanaotoa haidrojeni salfaidi, na uvundo huanzia hapo. Kwa hiyo lawama kubwa iwaendee watengenezaji wanaounda tangi kubwa kisha wakaliwekea mpira wa kupumulia wenye upana wa milimita 16, mrefu na uliopindapinda. Mpira wa milimita 25 au zaidi, mfupi na ulionyooka, hubadilisha hali. Miwili ni bora zaidi, mmoja kila ubavu, upepo uingie huku na kutokea kule. Tundu la kupumulia likizibwa na chumvi au wadudu, mashine ya kituoni inaponyonya inaweza kulibonyeza tangi hadi likapasuka.

Haidrojeni salfaidi yenyewe haina mzaha. Ikifikia kama sehemu 100 kwa milioni hewani, pua huacha kuisikia, na fundi akadhani hatari imepita. Asiingize kichwa ndani ya tangi hata mara moja.

Harufu nyingine haihusiani na kinyesi, na wengi hawaamini wakiambiwa. Choo kinachovuta maji ya bahari huyabakiza ndani ya mpira wa kuingizia. Viumbe vidogo vilivyomo hufa, bakteria hugeuza salfeti ya maji hayo kuwa salfaidi, na anayepiga pampu baada ya siku kadhaa hukutana na uvundo hata kama bakuli limesuguliwa likang'aa. Dawa yake ni kupitisha maji baridi kwenye mpira huo kabla ya kuiacha mashua. Lakini choo kisiunganishwe moja kwa moja na mfumo wa maji ya kunywa, maana uchafu unaweza kurudi humo.

Kuna pia mipira ya kutolea uchafu. Jaribio lake halina gharama: kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto huzungushiwa mpira, huachwa kipoe, kisha hunuswa. Kikinuka, harufu imeshapenya mpira wenyewe na hakuna sabuni itakayouponya. Ung'olewe, uwekwe mpya. Sehemu inayobonyea, ambako maji taka hutuama, ndiyo huharibika kwanza. Pampu ipigwe vya kutosha kila mara ili uchafu ufike hadi tangini, na siki ipitishwe mara kwa mara kulainisha magamba yanayoletwa na mkojo ukichanganyika na maji ya bahari.

Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, katika kiambatisho chake cha nne, unahusu vyombo vya tani 400 na zaidi, au vilivyoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15. Mashua ndogo za matanga zimeachiwa sheria za kila nchi. Nchi yoyote itakayotaka kuzidai matangi, zikiwemo za pwani yetu ambako wasafiri hutia nanga Kilifi au Tanga, iweke kwanza kituo cha kunyonya na mafundi wanaojua kazi hii, ndipo ianze kutoza faini.