Mrithi wa Kiti Morogoro: Utajiri wa Binti Simbamwene Ulitoka Wapi, na Leo Mrithi wa Chifu Anarithi Nini?

Ukitaja mrithi wa ufalme, wengi akili zinakimbilia London: kasri, magari, vito na mashamba yasiyohesabika. Huku kwetu Morogoro watu wanafuatilia hadi rangi ya gauni la harusi ya mwana wa mfalme wa Uingereza, lakini muulize kijana wa Mzinga au Kihonda kuhusu binti aliyerithi mji huu huu tunaoishi, atakuangalia tu.

Alikuwepo. Aliitwa Simbamwene. Ukielewa hela zake zilitoka wapi na ziliishia wapi, utaelewa vizuri zaidi hizi habari za machifu kurudi kwenye picha Tanzania.

Twende taratibu.

Baba alikuwa nani?

Kabla mji haujaitwa Morogoro kulikuwa na mtu anaitwa Kisabengo. Hakuzaliwa ikulu. Henry Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipita hapa mwaka 1871 na kuandika aliyosimuliwa. Kwa maelezo yake, Kisabengo alikuwa mtu wa familia ya kawaida, mwenye nguvu na maneno mengi. Aliwakusanya watumwa waliotoroka akawa kiongozi wao, akimkwepa Sultani wa Zanzibar aliyekuwa anamtafuta.

Akaja chini ya milima ya Uluguru, akapigana na wenyeji Wakami, akajitwalia bonde zuri la mto Ngerengere. Pale akajenga mji wenye ukuta, minara na malango ya mbao yaliyochongwa kwa mtindo wa Kiarabu. Mji ukaitwa Simbamwene, na uzeeni naye mwenyewe akajiita jina hilo.

Alipokaribia kufa, kiti hakukipeleka kwa mtoto wa kiume. Alitaka mrithi awe binti yake mkubwa, na akampa na jina. Stanley alipofika 1871, aliyekuwa anatawala ni huyo mwanamke.

Sasa tuje kwenye mkwanja

Je, malkia huyu alikuwa na migodi ya dhahabu? Hapana. Utajiri wake ulikuwa njia.

Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, na Ujiji ilipita hapa. Ilibeba vitambaa, shanga na waya kwenda bara, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kila msafara ulihitaji maji, chakula na usalama. Anayeshika bonde anashika mlango, na anayeshika mlango anatoza.

Ada hiyo iliitwa hongo. Ndiyo, hongo hii hii. Siku hizo ilikuwa kodi halali ya njia, inalipwa hadharani, mara nyingi kwa vitambaa. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Fikiria safari ya neno moja, kutoka ushuru wa mfalme hadi kosa la jinai.

Stanley na huyu mama hawakuelewana. Wajumbe wa malkia walimfuata kudai hongo, akakataa akisema hongo hulipwa mara moja tu. Baadaye mpishi wake alitoroka. Askari waliotumwa kumtafuta wakakamatwa na malkia kwa tuhuma kwamba wamemuua, wakanyang'anywa walichokuwa nacho. Ilibidi mfanyabiashara Mwarabu aingilie kati ndipo wakaachiwa.

Stanley alimwandika kwa dharau, kama walivyozoea wasafiri wengi wa enzi hizo. Ila ukisoma kwa jicho la leo, unamwona kiongozi anayelinda chanzo chake cha mapato, na anayetaka maelezo kuhusu mtu aliyepotea kwenye eneo lake. Hayo ni mambo ya serikali kabisa.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Sehemu ya utajiri ule ilitokana na baba aliyejulikana kwa kuteka watu, na biashara iliyopita kwenye malango yake ilikuwa na damu ndani yake. Utajiri wa kurithi mara nyingi ndivyo ulivyo. Mrithi anakuta hela, hakuti maelezo.

Maji yaliyokuja usiku

Hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Mwaka 1872 Stanley alikuwa anarudi pwani baada ya kumpata Livingstone. Ulikuwa msimu wa masika. Alipofika Simbamwene hakuamini macho yake. Mafuriko yaliyotoka milimani yalikuwa yamebeba ukuta wa mbele wa mji na nyumba karibu hamsini. Vijiji vingi vya bonde vilikuwa vimesombwa. Malkia alikuwa amekimbia.

Ule ukuta ulijengwa kuzuia watu. Haukujengwa kuzuia mto.

Mwaka mmoja tu kabla alikuwa anasimamisha misafara, mwaka uliofuata anatafuta pa kulala. Ukoo wake haukuisha, na jina la Kingo lililofuata kwenye utawala wa mji lipo mpaka leo: Morogoro tuna kata inaitwa Kingo. Lakini nguvu ile ya kutoza kila anayepita haikurudi kama zamani. Wakaja wamisionari, wakaja Wajerumani, ikaja reli. Njia ikapata wenyewe wapya.

Juu mlimani mambo yalikuwa tofauti

Ukitoka mjini ukapanda Uluguru, unakutana na urithi wa aina nyingine. Kule Kinole kuna kiti cha Kingalu, jina kubwa la uchifu kwa Waluguru, linalohusishwa tangu zamani na mvua.

Kwa Waluguru, ukoo unafuata mama. Kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo. Kwa hiyo mrithi wa mwanaume si lazima awe mwanawe wa kumzaa. Anaweza kuwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mjomba ndiye mtu wa kuangaliwa.

Kwa hiyo lile swali la kizungu, "mtoto wa kwanza wa mfalme ni nani?", hapa halisaidii. Ungeuliza, "dada zake ni nani, na watoto wao ni nani?"

Na utajiri wa chifu wa mlimani haukuwa vitambaa vya misafara. Ulikuwa heshima, kazi za watu shambani kwake, na imani kwamba mvua ikinyesha kwa wakati ni kwa sababu kiti kimekaa sawa. Utajiri huo haubebwi na mafuriko kirahisi. Ila una shida yake: mvua isipokuja, lawama inajulikana inakwenda kwa nani.

Waingereza walipotawala kupitia machifu, mambo yakachanganyika. Chifu akawa na mshahara na amri za kusimamia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu na wengi waliona haina faida. Mwaka 1955 hasira zikalipuka, polisi wakafyatua risasi na damu ikamwagika. Waliobeba lawama mbele ya wananchi walikuwa pia watawala wa jadi, kwa sababu wao ndio walioonekana kuisimamia amri.

Si kwamba wote walikuwa upande wa mkoloni. Patrick Kunambi, naibu wa sultani wa Waluguru, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mtu wa kiti akajiunga na chama ambacho baadaye kingeondoa viti.

Na kweli, mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kisheria.

Wenzetu waliofuata njia nyingine

Tuangalie majirani, maana hapa ndipo hoja inakaa vizuri.

Zanzibar, Jamshid bin Abdullah alirithi kiti cha usultani tarehe 1 Julai 1963 baada ya baba yake kufariki. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamwondoa. Aliondoka na meli, akaishia Uingereza, na kwa miaka mingi aliishi maisha ya kawaida tu mjini Portsmouth. Oman ilimruhusu kurudi mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024 akiwa na miaka 95. Alikaa kwenye kiti miezi sita na ushee, akaishi bila kiti kwa miaka sitini. Utajiri wake ulikuwa umefungwa kwenye dola, na dola ilipoondoka, nao ukaondoka.

Uganda ni kisa kingine. Falme zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993 kama taasisi za utamaduni, na sheria ikaruhusu kurudishiwa baadhi ya mali. Ndiyo maana Oyo wa Tooro, aliyezaliwa Aprili 1992, aliweza kutawazwa Septemba 1995 akiwa na miaka mitatu. Kasri lake la Fort Portal lilikarabatiwa kwa msaada wa Muammar Gaddafi. Kwa upande wa Buganda, mvutano kuhusu mali na ardhi kati ya Mengo na serikali umekuwa ukirudi mara kwa mara.

Tanzania hatukurudisha mali wala mamlaka. Machifu wapo, warithi wanasimikwa, lakini kisheria hawatawali.

Sasa kwa nini tunayazungumza haya leo?

Kwa sababu machifu wamerudi kwenye picha. Septemba 2021 kule Mwanza, Umoja wa Machifu ulimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Chifu Hangaya. Tangu hapo tunawaona machifu kwenye matamasha, ziara na mikutano ya viongozi.

Mimi sioni ubaya. Mila ni zetu. Mzee akisimama na usinga wake akasema vijana waache kukata miti kwenye chanzo cha maji, huenda akasikilizwa kuliko bango la serikali. Lakini kuna mambo mawili lazima tuyaseme wazi, hasa kwa sisi wa Morogoro.

La kwanza ni ardhi. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Kwenye vijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Chifu anaweza kuwa shahidi mzuri wa historia ya shamba, lakini jina lake si hati. Akija mtu anakuuzia heka huko mlimani kwa kauli ya "chifu ameruhusu" au "wajomba wamekubali", nenda kwanza ofisi ya kijiji. Watu wanapoteza hela kwa kuona haya kuuliza.

La pili ni wanawake. Sheria hiyohiyo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi kwa ubaguzi ni batili. Huku Uluguru mila ilishamweka mwanamke katikati ya ukoo, jambo la kujivunia. Lakini kupitisha ukoo kwa mama si sawa na mama kuwa na sauti. Mara ngapi ardhi inaitwa ya akina mama, halafu wanaokaa kuamua kuuza ni wajomba? Kisabengo, pamoja na ukorofi wake wote, alimkabidhi binti mji mzima. Sisi tunabishana kumwandika dada kwenye hati ya robo heka.

Urithi wenyewe uko wapi?

Huku Mzinga tunauona kila siku. Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru kwenda bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro. Mito mingine ya milima hii inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotegemewa na Dar es Salaam. Mamilioni ya watu wanafungua bomba bila kujua wanakunywa Uluguru.

Simbamwene alipata utajiri kwa kukaa chini ya milima hii, na ni milima hiyohiyo iliyouchukua ndani ya msimu mmoja wa masika. Leo mashamba yanapanda juu kila mwaka, na mvua kubwa ikinyesha tope linashuka mpaka Mindu. Kama kuna kazi moja ambayo mrithi wa kiti cha jadi anaweza kuifanya bila mshahara wala kasri, ni kuwaita watu wake na kusema: msitu wa vyanzo vya maji haukatwi. Mababu zake walipewa heshima kwa sababu ya mvua. Yeye aipate kwa kulinda inakotunzwa.

Wewe unaonaje, machifu warudishiwe mamlaka kisheria au wabaki walinzi wa mila? Na kwenu, shamba la ukoo limeandikwa jina la nani?