UCHAMBUZI: Mikopo ya simu ilivyogeuka mzigo kwa wazazi na vijana

HUDUMA ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya waliifurahia kwa kuwaondolea adha ya kutuma pesa kupitia madereva wa magari ya abiria. M-Shwari ilipozinduliwa mwaka wa 2012, simu hiyo hiyo ikawa pia mkopeshaji.

Zamani, mkopaji alimkabili jirani au wenzake katika chama, naye akaulizwa sababu. Siku hizi, mzazi anayetafuta karo na kijana aliyepata kitambulisho juzi hubonyeza simu usiku wa manane, pasipo kuulizwa lolote.

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Malipo yalipochelewa, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu jamaa na marafiki wa wadaiwa ili kuwaaibisha. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilipiga marufuku uonevu huo, zikawataka wakopeshaji wawe na leseni.

Hata hivyo, kanuni haziwezi kumfunza kijana kupima uwezo wake wa kulipa. Hilo ni jukumu la wazazi, ingawa baadhi yao wamo katika madeni yayo hayo. Heri wawaeleze wana wao ukweli huo mapema, badala ya kuuficha.