Maneno Yafananayo Hayana Maana Moja Daima



Juma lililopita alinijia kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ana barua mkononi. Ataka kwenda kusoma Kampala, katika nchi ya Uganda, ambako masomo ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza, naye hana karo. Baba yake alikwisha kuuza mbuzi wawili ili amnunulie kamusi. Nikasoma mstari wa kwanza, nikashtuka. Alikuwa ameandika: “I demand a scholarship.” Yeye alidhani asema, “Naomba msaada wa masomo.” Kumbe alisema, “Naudai, nipeni!”

Kosa lilitoka wapi? Katika Kifaransa “demander” ni kuomba tu. Kiingereza kilitwaa neno lile lile, lakini “demand” ni kudai kama mwenye haki au mwenye nguvu. Tukalifuta, tukaandika “I wish to apply for”, maneno yampasayo mwombaji.

Lakini msivunjike moyo, enyi vijana. Mwanafunzi wa Kongo ajuaye Kifaransa ana akiba kubwa. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie katika Ufaransa, aliishinda Uingereza. Tangu hapo wakubwa wa nchi wakasema Kifaransa kwa miaka mingi, kikatumika hata mahakamani, mpaka sheria ya mwaka 1362 ikaamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Ndiyo sababu Kiingereza kina maneno mawili au matatu kwa jambo moja. Kwa kitu cha kifalme husemwa “kingly”, neno la wenyeji; “royal”, la Kifaransa; na “regal”, la Kilatini. Mara nyingi neno la wenyeji ni la nyumbani, na yale mengine ni ya vitabuni na ofisini. Basi maneno mengi yaitwayo magumu, kwenu ni jamaa wa karibu: “liberty”, “necessary”, “justice”.

Njia ya kuyapata ni ipi?

Kwanza, jifunzeni neno pamoja na ukoo wake. Sisi twasema soma, msomaji, masomo, somesha. Shina ni moja. Vivyo hivyo “scribere” ya Kilatini, yaani kuandika, imezaa “describe”, kueleza jambo lilivyo. “Prescribe”, kumwandikia mgonjwa dawa. “Inscribe”, kuchora maandishi juu ya jiwe. Majina yake ni “description”, “prescription”, “inscription”. Shina moja, maneno sita.

Pili, wekeni ukurasa wa maneno madanganyifu. “Library” si duka la vitabu, bali ni maktaba. “Actually” si “wakati huu”, bali “kwa kweli”. “Eventually” si “labda”, bali “mwishowe”. “Assist” ni kusaidia. Kuhudhuria mkutano ni “attend”.

Tatu, neno lisikae peke yake kama yatima. Litieni katika sentensi yenu wenyewe, yenye habari za kwenu: soko, shamba, mpira, ugonjwa wa bibi. Maneno matano kwa siku yatosha. Kesho yake funikeni maana kwa mkono, mjaribu kukumbuka. Rudieni baada ya siku tatu, tena baada ya juma. Akili hushika kile ilichojitahidi kukitafuta, si kile ambacho macho yamekipitia tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi, msiseme, “Mimi sijui Kiingereza, nitamsaidiaje mtoto?” Jioni, baada ya chakula, shikeni daftari lake, mwambieni awaeleze kwa Kiswahili kila neno aliloandika, na lini lafaa kusemwa, na kwa nani. Neno asiloweza kuwaeleza bado hajalijua, hata akilitamka vizuri namna gani.

Barua ya kijana yule imekwenda; jibu twalingoja. Lipatikane au lisipatikane, mbuzi wale wawili hawakuuzwa bure. Kamusi ilimpa maneno. Sasa ajua pia kuyapima kabla ya kuyatuma.