Paukwa Isiyotamkwa: Swala la Uhalisi katika Vipindi vya Televisheni vya Kuishi Nyikani

Mwaka 2007 magazeti ya Uingereza yalieleza kwamba Bear Grylls, mtangazaji wa kipindi kilichoonyeshwa nchini humo na Channel 4, na huko Marekani na Discovery kwa jina la Man vs. Wild, alilala hotelini katika baadhi ya siku ambazo watazamaji walimdhania kuwa yu peke yake porini. Ilielezwa pia kwamba chelezo alichoonekana akikijenga huko Hawaii kilikuwa kimekwisha kuundwa na wasaidizi wake, kisha kikafumuliwa ili yeye akiunde upya mbele ya kamera. Discovery ilikiri kwamba mtangazaji na wapiga picha walipata msaada kwa sababu za usalama, ikaahidi kuvihariri vipindi vya marudio na kuwaeleza watazamaji hali halisi ya upigaji picha.

Wengi walikata shauri kwamba mtu huyu ni mwongo. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo imelikosea kosa lenyewe. Kosa halikuwa kuigiza. Lilikuwa kuigiza bila kutangaza. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaielewa vema tofauti hii. Fanani anapoita “Paukwa!” na hadhira ikaitika “Pakawa!”, pande mbili zimefunga mkataba. Tangu hapo sungura atasema, fisi atajibu, wala hakuna atakayemshtaki msimulizi kwa udanganyifu. Maneno hayo mawili ndiyo yanayoutenga ubunifu na uongo.

Vipindi vya kuishi nyikani vina fomula zao pia: kamera inayotikisika, pumzi inayosikika, mnong’ono wa usiku, na maneno ya mtangazaji kwamba yu peke yake. Lakini fomula hizi zinafanya kazi kinyume cha paukwa. Badala ya kutangaza kwamba ubunifu unaanza, zinaapa kwamba haupo. Hapa ndipo penye mchanganyiko wa dhana mbili ambazo wahakiki wa Kiswahili hawana budi kuzitenganisha: uhalisia, ambao ni mtindo wa kusawiri mambo yafanane na maisha, na uhalisi, ambao ni hali ya jambo kuwa ndivyo lilivyotokea. Mtazamaji anapewa uhalisia, anauziwa kwa bei ya uhalisi.

Yafaa tukumbuke kwamba hakuna anayeweza kuupiga picha upweke bila kuupanga. Mkanada Les Stroud, ambaye kipindi chake cha Survivorman kilianza mwaka 2004, alizibeba kamera mwenyewe na kujipiga picha bila kundi la wapiga picha. Hata hivyo, mtu anayejipiga picha akitembea mpaka akatoweka upeoni hana budi kurudi nyuma kuichukua kamera yake, kisha aipite tena njia ile ile. Tofauti ni kwamba Stroud aliifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya simulizi, na mtazamaji akaijua gharama yake.

Wala swala hili si geni. Robert Flaherty alipotengeneza filamu ya Nanook of the North, iliyotoka mwaka 1922, Wainuit wa kaskazini mwa Quebec walikwisha kuzijua bunduki. Filamu ikawaonyesha wakiwinda kwa chusa. Nyumba ya theluji ilijengwa bila upande mmoja ili mwanga uingie. Nanook mwenyewe jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Yeye na wenzake walijua wazi kwamba wanaigiza. Aliyenyimwa habari hiyo ni mtazamaji wa mbali.

Huenda ikadaiwa kwamba haya ni burudani tu, na kwamba mbinu inayofundishwa hubaki sahihi hata kama mwalimu amelala kitandani. Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini haitoshi. Mbinu iliyojaribiwa kwa njaa na ile iliyoonyeshwa kwa nusu saa hazina uzito mmoja, na mtu asiyeonyeshwa kamba ya usalama hujifunza ujasiri mahali alipopaswa kujifunza tahadhari. Tulinganishe na Survivor: Africa, lililopigwa picha mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba nchini Kenya. Washiriki waliishi ndani ya maboma ya miiba wakishindania dola milioni moja. Mengi yalipangwa, lakini hadhira iliambiwa tangu mwanzo kwamba huu ni mchezo. Paukwa ilikuwa imetamkwa.

Kabla ya kuwahukumu watu wa televisheni, hata hivyo, inafaa tujitazame wenyewe. Ni mara ngapi mtafiti wa fasihi simulizi amemwomba bibi asimulie saa sita mchana ngano ambayo desturi yake ni usiku, wajukuu wakiwa wamefukuzwa uani ili wasipige kelele karibu na kinasa sauti? Ngano hiyo huchapishwa kana kwamba imeokotwa ilikoanguka. Kiitikio kinapungua kwa kuwa waitikiaji hawakuwapo, kisha sisi tunaandika kwamba utanzu huu umepoteza viitikio. Hii nayo ni nyumba ya theluji iliyokatwa upande mmoja.

Kwa maoni yetu, dawa si kuacha kupanga, kwani bila mpango hakuna filamu wala mkusanyo wa ngano. Dawa ni kutamka. Kila tasnifu na kila makala yanayotumia data ya uwandani yaeleze ni nani aliyeomba usimulizi, saa ngapi, mbele ya nani, na kwa malipo gani. Discovery ililazimishwa na magazeti kuitamka paukwa yake baada ya ngano kwisha. Mtaaluma hapaswi kungoja kulazimishwa.